Mtoto wa mbwa ana wiki chache tu za kuizoea dunia, zitumie hivi

Niko Kiboriloni, Moshi. Mbwa wangu jike alizaa watoto sita, mmoja nikabaki naye, mwingine akachukuliwa na baba mmoja jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tumbo moja, maziwa yale yale, hata rangi wamefanana, kahawia na soksi nyeupe miguuni. Leo wa kwangu akiona watoto wa shule wanapita anabaki amelala kivulini, ila usiku mtu akigusa tu ukuta wa nyuma mtaa mzima unajua. Wa jirani akisikia ndoo imedondoka anajikojolea. Siongezi chumvi, nimemuona kwa macho yangu, amejibana kwenye kona ya mabati, masikio yamelala, mkojo unashuka mguuni, na aliyekuwa mbele yake ni mtoto mdogo tu ametumwa maji.

Huyo baba sio mkatili. Alimfungia bandani tangu anamchukua mpaka miezi mitano, hakuna mgeni kumuona, kwa sababu wengi wetu ndo tulivyokuzwa tukiamini, kwamba mbwa wa ulinzi asizoee watu. Nilipomwendea nikamwambia shikamoo baba, naomba nikuulize kuhusu huyu mbwa, akanijibu marahaba mwanangu, mbwa akizoea watu hafai, mwizi akija atamtikisia mkia. Nikaona nikibishana nitamvunjia heshima, nikaenda kusoma. Nimesoma mifugo chuoni kwa hiyo magonjwa na lishe nilikuwa navijua, ila mambo ya ubongo yalikuwa yamenipita, na nilivyoyasoma nikaona kwamba hata mimi nilikosea, nitasema wapi. Sasa naandika hapa jinsi ya kumlea mtoto wa mbwa tangu anazaliwa mpaka miezi minne hivi, pamoja na sababu zake kichwani, maana ukijua sababu huhitaji kukariri.

Ubongo unavyofunguka na kufunga

Mtoto wa mbwa anazaliwa haoni na hasikii. Macho yanafunguka kuanzia siku ya 10 mpaka ya 14 hivi, masikio yanafuata, wiki ya tatu ndo anaanza kushtuka ukipiga makofi. Seli za ubongo nyingi anazo tayari, kinachokosekana ni njia za seli moja kuongea na mwenzake, na hizo njia zinajengwa kwa kutumika, inayotumika inaimarika isiyotumika inakatwa. Kuna kemikali inaitwa glutamati, hiyo ndo inaambia seli "pitisha", na kuna nyingine inaitwa gaba, hiyo ndo breki. Sasa kwenye ubongo mchanga kabisa gaba bado haijawa breki, nayo inachochea, inakuja kugeuka kadri mnyama anavyokua, na breki zikishaanza kukomaa kinafunguka kipindi ambacho ubongo unajipanga kwa kasi kutokana na kile unachokiona, unachokisikia na unachokinusa, alafu kinafunga. Kikishafunga mnyama bado anajifunza, ila anajifunza kwa jasho.

Hili sio la kubuni. Miaka ya 1960 Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel walifunga jicho moja la paka mchanga katika miezi yake ya kwanza, walivyolifungua jicho lenyewe lilikuwa zima, halina ugonjwa wowote, ila ubongo ulikuwa umeshaacha kulisikiliza, paka haoni kwa jicho lile. Paka mkubwa akifungwa jicho muda ule ule hapati shida hiyo. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981. Hata kifaranga cha kuku ni hivo hivo, kile kitu cha kwanza kinachotembea mbele yake siku za mwanzo ndo mama yake, na watafiti wa Japani mwaka 2012 walionyesha kwamba kinachofungua huo mlango kwa kifaranga ni homoni ya tezi ya shingoni, ile ya thairoidi, kiasi kwamba kifaranga aliyechelewa akichomwa hiyo homoni mlango unafunguka tena.

Kwa mbwa jaribio ninalolikumbuka kila siku ni la Freedman, King na Elliot, lilitoka mwaka 1961, lilifanyika Bar Harbor, jimbo la Maine huko Marekani. Walikuza watoto wa mbwa kwenye uwanja umezungushiwa uzio mrefu, chakula kinapitishwa kwenye tundu, hawaoni binadamu. Alafu wakawa wanawatoa mmoja mmoja kwa umri tofauti, wanakaa na mtu wiki moja wanarudi. Waliotolewa kuanzia wiki ya tano mpaka ya tisa hivi walizoea watu, wa wiki ya saba wakawa vizuri zaidi. Wale ambao hawakutolewa mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, kumfunga kamba tu ilikuwa vita. Kutokana na kazi za pale ndo tunasema kipindi cha kuizoea dunia kwa mbwa ni wiki ya 3 mpaka ya 12 hivi. Hesabu basi, ni kama siku 60 na kitu. Jirani yangu sehemu kubwa ya zile siku 60 aliitumia kumwonyesha mbwa mabati.

Kitu ambacho natamani kila mwenye banda la mbwa Moshi na Arusha akisikie ni hiki: mbwa anayejua kawaida ikoje ndo anayeweza kukwambia hii sio kawaida. Aliyekulia gizani kila kitu kwake ni hatari, mwizi ni hatari, shangazi ni hatari, ndoo ni hatari, kwa hiyo akibweka hujui anabwekea nini, na akiwekwa kwenye kona anauma mtoto wako wa kumzaa.

Wiki tatu za kwanza: joto, mama, na mikono yako kidogo

Hapa kazi kubwa ni ya mama, yako ni kumsaidia. Mtoto wa mbwa wiki mbili za mwanzo hawezi kujipasha joto mwenyewe, na huku kwetu mwezi wa saba asubuhi hasa ukiwa Kibosho, Machame au Ngaramtoni kule juu ni baridi ya kweli. Weka boksi lenye ukuta mfupi, sakafuni gunia kavu alafu matambara, na uwe unabadilisha kila siku maana mkojo ukilowesha joto linaondoka. Boksi likae ndani au kwenye stoo, sio kwenye upepo wa varanda.

Ukimuona mama analamba watoto usimsumbue. Watafiti wa chuo kikuu cha McGill kule Kanada, Michael Meaney na wenzake, walifuatilia panya, wakakuta watoto waliolambwa sana na mama yao wiki ya kwanza wakikua wanakuwa watulivu wakipata msukosuko, na mwaka 2004 wakaonyesha inavyotokea: kule kulambwa kunapandisha kemikali ya ubongo inayoitwa serotonini, na hiyo inafungua jeni (kipande cha maelekezo ya urithi ndani ya seli) inayotengeneza vipokezi vya homoni ya msukosuko kwenye ubongo, kwa hiyo mwili unajua mapema kwamba homoni imetosha, unaizima. Waliolambwa kidogo hiyo swichi inabaki nusu imefungwa. Na ukimhamisha mtoto kwa mama anayelamba sana anatoka kama watoto wa huyo mama, sio damu peke yake. Ndo maana mama mwenye njaa anayekimbia huku na huko kutafuta makombo anakuharibia watoto hata kama maziwa yanatoka. Mlishe mama mara mbili tatu kwa siku, maji yawe karibu.

Wewe kila siku muinue kila mtoto dakika mbili tatu, mshike kiganjani, mguse makucha, masikio, tumbo, mrudishe. Harufu yako inaingia kichwani mwake kabla hata hajakuona. Na hapa kuna kitu kinanigusa sana. Kwa watoto wa panya chini ya siku 10, ukiwapa harufu fulani pamoja na maumivu madogo, hawajifunzi kuikimbia, wanajifunza kuifuata. Regina Sullivan wa Marekani ndo amelifanyia kazi hilo miaka mingi. Sababu ni kwamba umri huo noradrenalini, kemikali inayoamsha ubongo, inamwagika kwa wingi kutoka kwenye kakundi kadogo ka seli kwenye shina la ubongo, inagandisha harufu yoyote iliyo karibu kuwa "huyu ni wangu", wakati sehemu ya hofu, amigdala, bado haijaingia kazini kwa sababu kotisoli, ile homoni ya msukosuko, iko chini (kwa panya ni kotikosteroni, ndugu yake). Kichanga hana wa kumkimbilia zaidi ya mama, kwa hiyo ubongo wake umepangwa kushikamana hata na anayemuumiza. Mimi nikifikiria hilo siwezi kumrusha mtoto wa mbwa hata awe wa barabarani.

Dawa ya minyoo anza wiki ya pili, rudia kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya nane, na mama naye apewe, kwa sababu minyoo mingine mtoto anazaliwa nayo. Dozi inaenda kwa uzito, agroveti watakupimia, usikadirie.

Wiki ya 3 mpaka ya 8: dunia ije kwake, mama akiwa karibu

Hapa ndo nilipokosea. Yule wa jirani nilimtoa ana wiki tano kwa sababu alikuja na pesa na mimi nilikuwa nimechoka kusafisha, na nilimuona mtoto anakula uji mwenyewe nikasema basi amekua. Nimeona wengi wanauza hivyo, boksi kando ya barabara, vitoto vya wiki nne, vinalia, wanunuzi wanasema vizuri kwa sababu vidogo.

Tatizo liko hapa. Kuanzia kama wiki ya tano ile hofu inaanza kuamka, mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa anamkimbilia kila mtu anaanza kusita. Mama akiwa karibu hiyo hofu inatulizwa, kwa panya imepimwa kabisa kwamba uwepo wa mama unazuia kotisoli isipande na amigdala isiwake. Ukimtoa wakati huo unamtoa na ngao yake. Pia anakosa darasa la ndugu zake, kwamba ukimuuma mwenzako kwa nguvu analia na mchezo unaisha, hapo ndo anajifunza kupima nguvu ya meno, na ni somo ambalo ukija kumfundisha wewe mwenyewe itakuchukua miezi na mikono itachanika. Kwa hiyo asitoke kabla ya wiki nane. Mnunuzi akilalamika mwambie aje amuone kila jumamosi, amshike, aache kitambaa chenye harufu yake kwenye boksi.

Kipindi hiki sasa mletee vitu nyumbani. Sio vyote siku moja, kimoja viwili kwa siku, dakika tano kumi, alafu acha alale. Mtu mwenye helmeti. Mwavuli unaofunguka, ila kwa mbali kwanza. Mzee mwenye fimbo. Mama anayepita na mkungu wa ndizi kichwani. Mmasai na shuka yake, maana rangi na kile kitambaa kinachopepea vinawatisha mbwa wengi. Sufuria inayodondoka chumba cha pili, sio pembeni yake. Redio. Fagio. Kuku na mbuzi, tena hao usisahau, mbwa aliyewaona kuku akiwa na wiki sita huku ametulia mapajani mwako hakufukuzii kuku akiwa na mwaka, au hata akifukuza unamrudisha kwa urahisi. Mvua kwenye bati ikinyesha usimfunike masikio, kaa naye, mpe kipande cha kitu kitamu kila mlio mkubwa ukipita.

Watoto wa nyumbani wafundishe wakae chini sakafuni mtoto wa mbwa awafuate, wasimnyanyue kwa mguu mmoja. Mimi nilikuwa nawapa kila mmoja dagaa watatu mkononi, sharti ni kwamba ukisimama na kukimbia dagaa wako wanarudi bakuli. Wanakaa kimya kama wako ibadani.

Wiki ya 8 mpaka ya 14: umempeleka nyumbani kwako

Hapa kuna mvutano na lazima uuelewe. Mtaalamu atakwambia usimtoe nje mpaka amalize chanjo, kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha, na parvo inaua kweli, inakaa kwenye udongo muda mrefu. Lakini chanjo za mwanzo zinaanza wiki 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na wiki ya 16 ule mlango umeshafunga. Ukisubiri umemkinga na parvo ukampa woga wa maisha.

Njia ni kumtoa bila kumweka chini. Mbebe. Mbebe kwenye kikapu, kwenye gari, kwenye mkoba mgongoni. Wa kwangu nilimpeleka mpaka stendi nikakaa naye mapajani kwenye benchi robo saa, Hiace zinapiga honi, konda anaita abiria, bodaboda zinawashwa, toyo imepakia mabati yanagongana, yeye anaangalia tu na kunusa, kila baada ya muda namrushia kipande. Kwa wa Arusha hata nje ya soko la Kilombero siku isiyo na msongamano panatosha, au kando ya barabara ya Njiro jioni. Usimshushe panapopita mbwa wengine usiowajua. Anaweza kukanyaga kwenye ua wa ndugu au rafiki ambaye mbwa wake wamechanjwa, hapo acheze na mbwa mkubwa mtulivu, hiyo ina thamani kubwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate akifikisha miezi mitatu, sehemu nyingi huwa wanachanja bure karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, uliza ofisi ya mifugo ya kata.

Utajuaje umezidisha? Angalia mdomo. Mtoto wa mbwa anayependa dagaa kuliko kitu chochote akikataa dagaa, ujue ana hofu, kotisoli na adrenalini zimepanda, mwili umeacha habari ya kula. Dalili nyingine ni kupiga miayo wakati hana usingizi, kulamba pua, kugeuza uso, mkia chini, kutetemeka. Ukiona hivyo usimlazimishe "azoee", rudi nyuma hatua kumi, ishirini, mpaka aanze kula tena, hapo ndo umbali wake wa leo. Kesho utasogea kidogo. Umri wa wiki nane mpaka kumi hivi tukio moja tu la kutisha linaweza kubaki mpaka uzee, kwa sababu noradrenalini na kotisoli zikimwagika pamoja zinaambia ubongo andika hii kwa wino mzito, kwa mnyama wa porini hiyo ni faida, chui humuoni mara mbili. Na kotisoli haishuki hapo hapo, inachukua saa nzima na zaidi, kwa hiyo siku aliyoshtuka vibaya mazoezi yameisha, arudi nyumbani alale.

Na kumbembeleza akiogopa sio kumharibu, watu wanasema ukimkumbatia unamfundisha woga, hapana, kaa naye, ongea naye taratibu. Watafiti wa Japani mwaka 2015 walipima mbwa na wenye mbwa wanaotazamana machoni, wakakuta oksitosini inapanda kwa wote wawili, ndo homoni ile ile ya mama na mtoto anayenyonya.

Kumfundisha: nusu sekunde ndo kila kitu

Dopamini watu wanaiita kemikali ya raha ila kwenye kujifunza kazi yake ni nyingine. Wolfram Schultz, akiwa Uswisi, alipima seli za dopamini za nyani wanaopewa juisi, miaka ya 1990. Juisi ikija bila kutegemewa, seli zinafyatuka. Ukitanguliza ishara kila mara kabla ya juisi, baada ya muda seli zinafyatukia ishara, juisi yenyewe ikija kimya, kwa sababu ilishategemewa. Na ishara ikija juisi isije, seli zinanyamaza kabisa, chini ya kawaida yake. Yaani dopamini ni taarifa kwamba mambo yamekuwa mazuri au mabaya kuliko nilivyotegemea, badilisha. Hapo ndo njia kwenye ubongo zinaimarishwa au zinalegezwa.

Kwa vitendo sasa. Chagua neno moja fupi ambalo hulitumii ovyo, mimi natumia "safi". Siku ya kwanza usimfundishe kitu, sema "safi" mpe dagaa, "safi" dagaa, mara kumi na tano, asubuhi na jioni. Siku ya pili ya tatu ukisema "safi" anageuza kichwa haraka kutafuta mkono wako, tayari, ishara imeingia. Sasa shika dagaa juu kidogo ya pua yake, peleka taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, atainua kichwa na makalio yatashuka yenyewe. Pale pale makalio yanapogusa sakafu, sio baada ya kumshangaa na kumsifia, pale pale, "safi", alafu dagaa. Ukichelewa sekunde mbili tatu ameshasimama na wewe umelipia kusimama. Usimbonyeze mgongo. Mara tano sita, mwache. Baada ya siku mbili ondoa dagaa mkononi, tumia mkono mtupu, dagaa itoke mfukoni baada ya "safi". Neno "kaa" lije mwisho akishajua kitendo. Akishajua vizuri usimpe kila mara, mpe mara nyingine mbili tatu mara nyingine moja, kile kutojua ndo kinaiamsha dopamini.

Tunao mfano hapa hapa Tanzania. Panya buku wa APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, wanafundishwa hivi hivi kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Wakishafungua macho wanazoeshwa watu, sauti, nyasi, magari, baadae wanafundishwa kwamba mlio wa kidude kinacholia tik maana yake ni ndizi, kisha ndo harufu. Inachukua kama miezi tisa. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa mabomu aliyoyapata Kambodia. Hakuna aliyemchapa Magawa.

Kujisaidia nje ni mantiki ile ile. Akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kila baada ya saa moja na nusu hivi mchana, mtoe sehemu ile ile, simama kimya, akimaliza "safi" na dagaa hapo hapo nje. Kosa linalofanyika kila nyumba ni kumkuta amekojoa sebuleni, unamwita "Tomi njoo", anakuja, unamchapa. Ulichomfundisha ni kwamba ukiitwa usije. Mkojo ameshausahau, kilichokuwa karibu na maumivu ni jina lake na miguu yake kukufuata. Safisha kwa maji yenye siki kidogo harufu iishe, na ujiulize ni wewe uliyechelewa kumtoa au yeye.

Usingizi na chakula

Hili nitapita haraka ila usilidharau. Mtoto wa mbwa analala saa 18 na zaidi kwa siku, na usingizi ndo ubongo unapopanga ulichomfundisha, kwa hiyo fundisha kifupi alafu mwache alale, watoto wasimuamshe. Chakula kisiwe ugali mtupu na maji ya nyama. Ubongo unaokua unahitaji mafuta ya samaki, ndo maana nashikilia dagaa, unahitaji madini ya chuma kwa sababu bila chuma dopamini haitengenezwi vizuri, na minyoo inanyonya damu na chuma humo humo. Ugali wa dona, dagaa waliosagwa, maini kidogo mara moja au mbili kwa wiki, yai lililochemshwa, mtoto wa wiki nane ale mara nne kwa siku. Na wale wanaowapa pilipili au nyigu ili wawe wakali, naomba muache, pilipili inaunguza tumbo, haifiki kwenye ubongo kufundisha kitu, na nyigu anaweza kumvimbisha koo akafa.

Kuna na hii, akifika miezi nane hivi atajifanya hajui "kaa" wala jina lake. Ni ujana, ubongo unapangwa tena, watafiti wa Uingereza walilipima mwaka 2020 wakakuta anamkaidi zaidi mwenye naye kuliko mtu mgeni. Endelea na dagaa zako, inapita.

Kama umechelewa

Nilirudi kwa yule baba, safari hii nikiwa na mfuko wa dagaa badala ya maneno. Nikamuomba aniruhusu nikae tu nje ya banda robo saa kila jioni, akakubali, nadhani alinionea huruma. Kwa mbwa aliyepitwa na ule mlango unafanya yale yale ila kila kitu kinahesabiwa kwa miezi. Unakaa ubavu, humwangalii machoni, unarusha dagaa nyuma yake sio mbele, ili kula kusimlazimishe akusogelee. Wiki mbili za kwanza hakugusa dagaa mpaka niondoke. Wiki ya tatu alikula nikiwepo, amegeuza uso ukutani. Ndoo tulianza nayo ikiwa geti la pili, imelala chini haina maji, tunaisogeza kiganja kimoja kwa wakati, na siku akiacha kula inarudi ilipokuwa.

Sasa ni mwezi wa nne. Juzi yule baba mwenyewe alikuja na kigoda akakaa pembeni yangu, akaniomba dagaa mmoja, akaweka kiganjani akanyoosha mkono chini bila kusema kitu. Mbwa alikuja hatua mbili akasimama, mkia bado chini, pua inacheza. Alisimama hivyo muda mrefu. Alafu akanyoosha shingo akauchukua kwa ncha ya meno, akaenda kuulia kwenye kona yake, na baba hakuutoa mkono, aliuacha pale pale, akaniambia niongezee mwingine.